Kuhamia lazima, bakapu hiari: kisa cha kituo cha data cha Surabaya

Usiku wa Idi ya Kuchinja, Jumatatu tarehe 17 Juni 2024, saa tano na robo kwa saa za Jakarta, kuna mkono ulianza kupapasa seva za serikali ya Indonesia mjini Surabaya. Ulikuwa unatafuta namna ya kuizima Windows Defender, ile programu ya ulinzi inayokuja pamoja na Windows. Nyama ilikuwa imeshagawiwa, watu wameshashiba, na Jumanne yake ilikuwa mapumziko. Baadaye BSSN, shirika la serikali linaloshughulikia usalama wa mtandao, lilipopanga mfuatano wa matukio, hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kwanza kwenye orodha.

Alama ya pili ni ya Alhamisi tarehe 20, saa sita na dakika 54 usiku. Faili hasidi zikajisimika, faili muhimu za mfumo zikafutwa, na huduma zinazohusika na diski na bakapu, yaani nakala za akiba za data, zikazimwa. Saa sita na dakika 55 Windows Defender ikaanguka. Yaani dakika moja tu. Waandishi wengi waliishikilia dakika hiyo kwa sababu inasisimua. Mimi nimeshikwa zaidi na zile saa 49 na ushei zilizotangulia, tangu mkono ulipoanza kupapasa hadi mlango ulipong'olewa. Mwizi aliyekaa uani siku mbili usiku na mchana hapaswi kuitwa mwizi wa ghafla.

Kulipopambazuka, abiria waliotua Soekarno-Hatta, uwanja mkuu wa Jakarta, walikuta mageti ya kujihudumia yamekufa. Kwa kawaida unalaza pasipoti juu ya kioo, kamera inakutazama usoni, geti linafunguka, umeshaingia nchini. Siku hiyo maofisa walirudia muhuri wa mkono, pasipoti moja moja, na ndege hazikuacha kutua. Foleni zikajikunja ukumbini kama nyoka. Milango mingine ya nchi nayo ikakwama, kwa sababu yote ilikuwa inauliza swali moja kwa seva zile zile za Surabaya, na Surabaya haijibu.

Maelezo ya kwanza yalikuwa ya kawaida: kuna hitilafu, inashughulikiwa. Ilipofika Jumatatu tarehe 24 ndipo wakubwa wakakaa mezani mbele ya kamera. Alikuwapo Budi Arie Setiadi, waziri wa mawasiliano na habari. Hinsa Siburian, mkuu wa BSSN. Na Herlan Wijanarko, mkurugenzi kutoka Telkom, kampuni ya simu ya serikali ambayo kampuni yake tanzu ndiyo iliyokuwa ikiendesha kituo hicho. Wakasema lililokuwa limeshavuja mitaani. Data zimefungwa kwa programu ya kudai kikombozi iitwayo Brain Cipher, na wenye nayo wanataka dola milioni 8 za Marekani, karibu rupia bilioni 131. Serikali haitalipa.

Siku hiyo zilitajwa taasisi 210 zilizoathirika. Siku mbili tatu baadaye hesabu ya walioweka data zao humo ikawa 282.

Nyumba moja, wapangaji 282

Kituo chenyewe kinaitwa PDNS 2. Herufi ya mwisho, S, ni ya neno *sementara*, la muda. Kituo cha taifa cha kudumu kilikuwa bado kinajengwa Cikarang, mashariki ya Jakarta. Kwa kukingoja, tangu mwaka 2020 wizara ilikuwa inalipia huduma za muda: kituo cha kwanza Serpong, pembezoni mwa Jakarta, cha pili Surabaya, na cha tatu Batam, kile kisiwa kinachotazamana na Singapore. Cha muda kikazoeleka. Yeyote aliyewahi kukaa miaka saba kwenye chumba alichopanga "kwa miezi mitatu tu" anajua mambo haya yanavyokwenda.

Maofisa wa Indonesia wanaziita taasisi zilizoweka data humo kwa neno la Kiingereza lenye maana ya wapangaji, na mfano huo unatosha kabisa kueleza kilichotokea. Mashine za kisasa za kituo cha data hazigawiwi moja moja, hii ya uhamiaji, ile ya elimu. Mashine kubwa moja inabeba mashine pepe nyingi, na kila mpangaji anaona kana kwamba ana kompyuta yake. Kwa kweli diski ya kila mashine pepe ni faili tu, kubwa, lililolala kwenye hifadhi ya pamoja. Programu inayozibeba, katika kisa hiki ESXi ya kampuni ya VMware, ndiyo geti kuu la nyumba. Mdukuzi akilishika geti kuu hana haja ya kuhangaika na makufuli ya vyumbani. Anazifumba diski zote kwa mkupuo, yaani anayageuza yaliyomo yasisomeke bila ufunguo wake, na mpangaji aliyeweka nywila ngumu chumbani kwake analala nje sawa na yule aliyeandika nywila yake ukutani.

Hao waliofumba hawakuwa jina kubwa. BSSN lilisema Brain Cipher ni mtoto wa LockBit 3.0, programu ya kikombozi ya kundi la wadukuzi lenye jina hilo hilo. Zana za kutengenezea LockBit 3.0 zilikuwa zimevujishwa mtandaoni tangu Septemba 2022, kwa hiyo kundi jipya halikuhitaji kubuni silaha, lilihitaji kuokota. Na LockBit si mgeni Indonesia. Mwezi Mei 2023, Bank Syariah Indonesia, benki kubwa ya Kiislamu ya nchi hiyo, ilizimika siku kadhaa, wateja wakashindwa kutoa fedha, na LockBit wakajitokeza kusema ni wao. Mwaka mmoja na mwezi mmoja kabla ya Surabaya. Onyo lilishapita likibisha hodi.

Kwa nini walikusanywa hapo

Kuna watu walioliona tukio hili na kusema: ndiyo hasara ya kuweka vitu vyote mahali pamoja, kila mtu angebaki na vyake. Hawajaona hali iliyokuwapo kabla. Indonesia ni zaidi ya visiwa 17,000 vilivyotandazwa kwenye kanda tatu za saa, na serikali yake ilikuwa na takribani vituo vya data na vyumba vya seva 2,700, kila wizara na chake, kila mkoa na wake. Sehemu kubwa ya hivyo ni chumba chenye kiyoyozi kinachovuja na fundi mmoja mwenye ufunguo. Mei 27, 2024, siku 24 kabla ya shambulio, Rais Joko Widodo alizindua mpango wa kuunganisha huduma za serikali mtandaoni, na akalalamika hadharani kwamba taasisi za serikali zina programu 27,000 zisizozungumza zenyewe kwa zenyewe. Mwananchi anaandika jina lake na namba yake ya kitambulisho upya kila anapokwenda. Kukusanya kulikuwa na maana.

Kulikuwa na historia pia. Nchi ya visiwa haiwezi kujiunganisha kwa bahati, lazima iamue. Indonesia iliamua mapema kuliko wengi: Julai 1976 ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya mawasiliano, Palapa A1, wakati nchi nyingi zinazoendelea hazikuwa hata zimeota jambo hilo. Jina lilitoka kwenye kiapo cha Gajah Mada, waziri mkuu wa dola ya Majapahit katika karne ya 14, aliyeapa kutoonja palapa, ambayo wengi huieleza kuwa kiungo cha chakula, mpaka aviunganishe visiwa vyote. Jina hilo hilo likarudi kwenye Palapa Ring, mtandao wa nyaya za mwanga wa baharini na nchi kavu uliozinduliwa rasmi Oktoba 2019 ili kufikisha intaneti ya kasi kwenye wilaya ambazo kampuni za biashara zilikuwa zimezipa mgongo. Juni 2023 ikarushwa SATRIA-1, setilaiti ya gigabiti 150 kwa sekunde, kwa ajili ya shule, zahanati na ofisi za vijiji ambako waya haufiki. Kufikia 2024 chama cha watoa huduma za intaneti, APJII, kilihesabu watumiaji milioni 221.5, asilimia 79.5 ya watu wote.

Ukitazama orodha hiyo utaona kitu kimoja. Kwa miaka 48 swali la Indonesia lilikuwa: tutafikaje? Waya utafikaje Papua, mnara utasimamaje kwenye kisiwa kisicho na umeme? Hilo ndilo lililopata fedha, hotuba na utepe wa kukata, na hata wizi wake ulikuwa wa minara: Novemba 2023 waziri aliyemtangulia Budi Arie, Johnny G. Plate, alihukumiwa miaka 15 jela kwa ufisadi wa mradi wa minara ya 4G. Swali la pili, kwamba tukishafika kitakachokaa huko kinalindwaje, halikuwa na utepe. Hakuna rais anayepigwa picha akizindua bakapu.

Asilimia mbili

Alhamisi tarehe 27 Juni Kamati ya Kwanza ya bunge iliwaita waziri na mkuu wa BSSN. Kikao hicho ndicho kiini cha kisa, na hakikuchukua muda kufika kwenye jeraha. Hinsa Siburian alieleza kwamba data za Surabaya zilizokuwa na nakala kule Batam ni asilimia 2 tu. Mwenyekiti wa kamati, Meutya Hafid, alikuwa mtangazaji wa televisheni kabla ya siasa na anajua kukata maneno. Wakubwa walipoliita jambo hilo tatizo la usimamizi, alikataa: kutokuwa na bakapu, alisema, si suala la usimamizi, ni ujinga tu.

Waziri naye alikuwa na hesabu yake. Surabaya ina uwezo wa mashine pepe 5,709, na uwezo wa kuweka bakapu upo kwa mashine 1,630, sawa na asilimia 28.5. Sasa ni mbili au ni 28.5? Kwa ninavyosoma mimi, hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alikuwa anahesabu kitu kingine. Waziri alihesabu ndoo, Hinsa akahesabu maji. Vyombo vya kuwekea nakala vilikuwapo kwa zaidi ya robo ya mashine, ila ndani yake mlikuwa karibu patupu. Na ukiwa umeunguliwa na nyumba, idadi ya ndoo haikusaidii.

Kwa nini patupu? Jibu la waziri ndilo lililonifanya niandike haya yote. Bakapu, alieleza, ilikuwa hiari ya mpangaji. Huduma iliandaliwa, anayetaka achukue. Wengi hawakuchukua kwa kukosa fedha, au kwa sababu waliona tabu kuwaeleza wenye bajeti na wakaguzi kwa nini walipie kuhifadhi data ambazo tayari wanalipia kuzihifadhi.

Yeyote aliyekaa kwenye kikao cha bajeti ya teknolojia atatabasamu kwa uchungu hapo. Nimekaa kwenye vikao kadhaa vya aina hiyo, na mstari wa bakapu ndio unaotangulia kufutwa, kwa sababu ndio pekee ambao ukiufuta hakuna anayelalamika kesho asubuhi. Mhasibu anauliza: mwaka jana mliitumia? Unasema hapana. Basi mwaka huu tuiondoe. Mkaguzi ni mgumu zaidi. Kwake nakala ya pili ya kitu kile kile inanuka kama malipo mara mbili.

Lakini serikali si mpangaji mmoja mwenye mhasibu mgumu. Serikali ndiyo iliyoandika kanuni. Kanuni ya Rais namba 95 ya mwaka 2018 kuhusu serikali ya kielektroniki ilizielekeza taasisi zote kwenye kituo cha taifa. Kwa hiyo kuhamia ilikuwa lazima na kujilinda ikawa hiari. Taasisi ikanyang'anywa chumba chake kibovu chenye kiyoyozi kinachovuja, ambacho angalau diski zake zilikuwa mkononi mwake, ikapewa chumba kizuri kwenye nyumba ya mwingine. Halafu ikaambiwa kwamba kufuli la ziada ni juu yake. Mwenye nyumba anayekulazimisha kupanga kwake ameshajitwika dhamana ya moto. Hawezi kuja baada ya moto kukuuliza mbona hukununua kizimamoto.

Na hata ile Batam, ingekuwa imejaa, isingewafungulia mageti asubuhi ile. Mafundi huita kituo cha aina hiyo kituo baridi: unatupia nakala huko, lakini mashine za kuziamsha haziko tayari kupokea kazi papo hapo. Kituo moto ni kile kinachoendesha pamoja na kikuu, kimoja kikianguka kingine kinaendelea na mtumiaji hajui. Kwa huduma ya uhamiaji ya nchi ya watu milioni 280, yenye kisiwa kama Bali kinachoishi kwa wageni, baridi haitoshi. Ila hayo ni mazungumzo ya mtu mwenye nakala, na hawa hawakuwa nayo.

Mpangaji aliyeweka akiba

Katikati ya vumbi hilo, uhamiaji yenyewe, iliyotangulia kuonekana imeanguka, ikawa miongoni mwa walioinuka mapema. Mkurugenzi mkuu wake, Silmy Karim, alieleza kwamba baada ya kungoja saa kadhaa bila dalili ya Surabaya kuamka aliacha kungoja. Ofisi yake ilikuwa na nakala katika kituo chake cha ndani. Wakazichukua, wakazihamishia kwenye wingu la Amazon, yaani seva zake za kukodi mtandaoni, na ndani ya siku chache mageti yakaanza kufunguka tena. Alisema pia kwamba tangu Aprili waliandika barua wizarani kuomba data zao zirudufishwe, na hawakujibiwa.

Hapa pana kejeli ambayo sikuona ikijadiliwa vya kutosha. Hoja moja kubwa ya kuwa na kituo cha taifa ilikuwa mamlaka juu ya data: taarifa za wananchi zikae kwenye ardhi ya nchi, mikononi mwa nchi. Siku ya shida, daftari la wanaoingia na kutoka, ambalo ni siri ya serikali kuliko mengi, likakimbilia kwa kampuni ya Marekani. Simlaumu Silmy. Nyumba ikiungua hukagui uraia wa mwenye mwamvuli. Ila inaonyesha kwamba mamlaka yasiyo na bakapu ni ya kwenye karatasi.

Walioinuka mapema kando ya uhamiaji walikuwa wachache: mfumo wa vyeti vya halali wa wizara ya dini, mfumo mmoja wa zabuni za serikali, mji wa Kediri kule Java Mashariki. Wengine walikaa gizani wiki kadhaa.

Faili la kilobaiti 54

Halafu likatokea jambo ambalo lingeandikwa kwenye tamthilia mhariri angelikata kwa kukosa mantiki. Mwanzoni mwa Julai Brain Cipher walitangaza kwamba Jumatano watatoa ufunguo bure. Tarehe 3 Julai wakautoa kweli, faili la kilobaiti 54, dogo kuliko picha ya pasipoti. Waliambatanisha maneno. Waliwaomba radhi wananchi kwa kuwaathiri wote. Walisema shambulio lao lilikuwa kama jaribio la kupima ulinzi, na wanatarajia limeonyesha umuhimu wa kulipia sekta hii na kuajiri watu wanaoijua kazi. Wakaomba washukuriwe hadharani, na wakaweka anwani ya Monero, sarafu ya kidijitali, kwa atakayependa kuchangia.

Wataalamu walipoujaribu, ufunguo ulifungua baadhi ya data. Kwa nini waliutoa? Tetesi zilikuwa nyingi na sina haja ya kuongeza yangu. Ninachoweza kusema ni kwamba majambazi waliovunja nyumba ndio waliotoa somo la bajeti lililo wazi kuliko yote ya mwezi ule. Hiyo ni fedheha kubwa kuliko kulipa dola milioni 8. Na wenye data hawana jinsi ya kujua kama kilichofumbwa hakikunakiliwa kwanza. Aliyekurudishia kabati hakuahidi kwamba hakusoma barua zilizokuwamo.

Siku iliyofuata, tarehe 4, Semuel Abrijani Pangerapan, mkurugenzi mkuu wa wizara aliyesimamia eneo hilo, alitangaza kujiuzulu na kusema dhamana ya tukio ilikuwa yake. Waziri hakujiuzulu, ingawa ombi la kumtaka aondoke, lililoanzishwa na asasi ya haki za kidijitali ya SAFEnet, lilikuwa limepata sahihi zaidi ya 18,000. Rais aliagiza ukaguzi wa BPKP, mkaguzi wa ndani wa serikali, na alipoulizwa na waandishi akasema jambo la msingi ni kuweka bakapu ya data zote za taifa ili likitokea la kutokea tusishtuke. Hadi Tjahjanto, waziri mratibu wa siasa na usalama, akatangaza kwamba kuanzia sasa bakapu ni lazima kwa kila mpangaji. Neno moja likabadilika, kutoka hiari kuwa lazima. Lilikuwa linangoja moto.

Oktoba mwaka huo serikali mpya ya Prabowo Subianto iliingia. Wizara ikabadilishwa jina, ikawa ya mawasiliano na masuala ya kidijitali, na aliyepewa kiti ni Meutya Hafid. Aliyeuita ujinga ndiye sasa aliyekabidhiwa uponyaji wake. Mei 2025 waendesha mashtaka wa Jakarta ya Kati wakataja watuhumiwa watano katika uchunguzi wa ufisadi wa zabuni za vituo hivyo vya muda kati ya 2020 na 2024, zenye jumla ya karibu rupia bilioni 958. Semuel alikuwa mmoja wao. Tuhuma ni tuhuma, na mahakama ndiyo yenye neno. Hesabu yenyewe tu ndiyo inayouma. Kikombozi kilichoombwa kilikuwa takribani sehemu moja kati ya saba ya fedha hizo, na bado katika fedha hizo haikupatikana ya kulipia nakala ya pili.

Waliopakia upya

Nimewaweka mwisho watu ambao hawakukaa kwenye meza yoyote kati ya hizo. KIP Kuliah ni ruzuku ya serikali inayowalipia ada na posho ya kuishi vijana wa familia maskini wanaoingia chuo kikuu. Mwaka ule mifumo 47 ya wizara ya elimu ilikuwa Surabaya, na wa KIP Kuliah ulikuwa miongoni mwao. Waliokuwa wamejaza maombi walizidi 800,000.

Fikiria ombi moja. Picha ya nyumba kwa mbele, na ya ndani. Kadi ya familia. Vyeti vya shule. Hati ya kijiji kwamba wazazi hawana uwezo, ambayo kuipata ni kwenda ofisini, ukaambiwa mwenyewe katoka, ukarudi kesho. Kwenye visiwa vingi hilo linaweza kuwa boti na siku nzima. Kisha kuskani, au kupiga picha kwa simu pale penye mwanga, na kupakia usiku mtandao ukiwa umetulia, faili kwa faili, mpaka alama ya kijani itokee. Ilitokea. Wakalala.

Wizara haikuwa na mahali pa kuzitoa nyaraka hizo. Muda wa maombi ukaongezwa, na waombaji wakaombwa wapakie upya. Nakala pekee za nyaraka hizo zilizokuwa zimebaki zilikuwa kwenye simu zao.